Nyenje Halipi Kodi

Mmeanza tena. Mtu hajakaa sawasawa, mgongo unamlalamikia, mchicha haujachambuliwa, tayari mnamvuta kanga: "Bibi, hadithi! Bibi, hadithi!" Hadithi inaungwa nazi? Hadithi inashibisha? Mngekuwa mnaomba kazi hivyo, ua huu ungekuwa unang'aa. Haya, kila mmoja achukue fungu lake, achambue huku anasikiliza. Mabua huku, majani kule. Msichanganye, sitaki kutafuna kuni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba kama watu, palikuwa na nyumba ndefu chini ya kilima cha mawe mekundu. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua mmoja, jiko moja, choo kimoja, na mwenye nyumba mmoja. Mwenye nyumba alikuwa Kifaru.

Kifaru mnamjua. Mwili kama ghala, ngozi kama gome, pembe puani. Macho sasa! Macho ya Kifaru ni kama ya kuazima. Akikutazama kutoka hapa hadi pale kwenye kinu, hajui kama wewe ni mtu au gunia la mkaa. Lakini ukali alikuwa nao. Akipita ukumbini, gudu, gudu, gudu, wapangaji wanajibana ukutani mpaka apite.

Kila asubuhi alisimama uani akauliza, ingawa hakuna aliyetaka kuulizwa:

"Nyumba ya nani hii?"

"Yako, Mzee!"

"Nani anaogopwa hapa?"

"Wewe, Mzee!"

"Na mimi namwogopa nani?"

"Hakuna, Mzee!"

Hapo ndipo anakwenda kunywa uji.

Mgongoni mwake walikaa ndege wawili wadogo, mume na mke, midomo myekundu kama waliotafuna tambuu. Walikuwa wakila kupe wake. Wakiona kitu kinakuja walipiga kelele, "Chrrr! Chrrr!" Kifaru aliwabeba kila aendako, lakini hakuwahi kuwasalimia hata siku moja. Kwani nani anaisalimia kofia yake?

Chumba cha mwisho, kile cha jirani na choo, alipanga Bi Digidigi. Kanyama kadogo, miguu kama vijiti vya kiberiti, macho makubwa, pua ndefu ya kuchezacheza. Alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na Chui. Walikwenda kisimani pamoja, bibi akainama kunywa, akainua kichwa, bwana hayupo. Basi. Siwapambii, Chui ndivyo afanyavyo.

Tangu siku ile usingizi ulimhama. Jani likidondoka, kwacha! Bi Digidigi anaruka, anajigonga ukutani, pu! Kijiko kikianguka jikoni, kwangara! yuko chini ya kitanda. Akisimama kufagia uani, anafagia hatua moja, anatazama nyuma mara tatu. Akakonda hata ngozi ikawa inamning'inia kama nguo ya kuazimwa.

Akaenda kwa mganga Kobe. Kobe hakuwa na haraka, hata angetaka asingeweza. Akamtazama ulimi, akamwekea sikio ubavuni.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi mahali, Babu. Naogopa."

"Tangu lini?"

"Tangu kisimani."

"Basi unaumwa," alisema Kobe. "Moyo wako umekaa mlangoni kama mlinzi, hautaki kuingia ndani kulala. Mizizi ya kuuingiza ndani sina. Wewe tafuta kiumbe mdogo uishi naye chumbani, awe anakukalia macho wewe ulale."

"Kiumbe gani?"

"Unamjua mwenyewe. Yule ambaye ukiwa naye, mabega yanashuka."

Bi Digidigi hakufikiri sana. "Nyenje," alisema. "Nyenje akiimba, najua hakuna anayetembea nje. Akinyamaza ghafla, najua kuna mguu unakuja. Nikimsikia naweza kulala."

"Umeona? Kumbe mganga ni wewe."

"Lakini mwenye nyumba, Babu! Yule hata sisimizi anawahesabu."

Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Atakataa. Wenye nyumba wote wanaanza kwa kukataa. Lakini Baraza la mbuga lilikwisha kukata shauri. Mwenye moyo mgonjwa, na mganga anayemjua akasema, aishi na mtuliza moyo wake. Mwenye nyumba hamfukuzi, wala hamwongezei kodi kwa ajili yake. Ila nawe usijitanue. Mwambie kabla hujamleta, usimfiche. Uchafu wake utaufagia wewe, na akitoboa ukuta utauziba wewe. Na haki hiyo ni ya pale unapolala. Sokoni usiingie naye kifua mbele ukisema Kobe karuhusu, sikuruhusu."

"Na nikitaka neno lako?"

"Unalo, nitalisema mbele ya yeyote atakayeuliza. Lakini usije ukanunua neno la Ngedere pale njia panda! Yule anampa kila mtu ugonjwa bila hata kumtazama ulimi. Juzi kampa Fisi ruhusa ya kuishi na mbuzi, eti amtulize moyo."

"Akatulia?"

"Fisi katulia kabisa. Mbuzi ndiye sijamwona tena."

Basi, Bi Digidigi akaenda kwa Kifaru kama alivyoagizwa. Akamkuta anajikuna kwenye nguzo, kwaru, kwaru, macho kayafumba kwa utamu. Akamweleza yote, ugonjwa, Kobe, Nyenje, sheria. Kifaru akasema, "Mmm." Bi Digidigi akashukuru, akaondoka. Kumbe Kifaru alikuwa anaijibu nguzo.

Nyenje akahamia. Alikaa ndani ya kibuyu chenye kizibo cha nyasi, kando ya mto wa kulalia. Kri-kri, kri-kri, kri-kri. Bi Digidigi alilala siku ile kama aliyepigwa rungu. Akaamka jua limekwisha kupanda, hajui hata yuko wapi. Mashavu yakarudi. Zamu yake ya kufagia ikifika, anafagia mpaka nyuma ya choo, na kinyimbo juu. Ngiri, jirani wa chumba cha pili, dume lenye meno nje na moyo mwepesi, akasema, "Shemeji, huyo mtu wako aimbe tu. Hata mie nalala."

Mambo yakaenda hivyo, mpaka mchana mmoja Kifaru alipopita ukumbini, akasimama.

"Nini hicho kinacholia humu?"

"Ni Nyenje, Mzee," alijibu Bi Digidigi akiwa mlangoni. "Nilikueleza."

"Mimi? Lini? Analipa kodi?"

"Halipi, Mzee."

"Silipi!" kibuyu kilidakia. "Nalipia nini? Ukuta wako sijaugusa, sakafu yako sijaikanyaga! Kibuyu ni cha bibi!"

"Nyamaza wewe," Bi Digidigi alinong'ona.

"Nyumba yangu hakuna kufuga!" Kifaru alinguruma, vumbi likadondoka darini.

"Simfugi, Mzee. Ananitibu. Kobe amesema, na sheria ya Baraza ipo. Mgonjwa..."

"Mgonjwa nani? Wewe? Kidonda kiko wapi?"

"Sina kidonda."

"Uvimbe?"

"Sina."

"Unakohoa? Unatapika? Huna! Basi woga si ugonjwa! Woga ni upuuzi wa wenye miguu myembamba. Sheria ile ni ya wagonjwa, wewe haikuhusu. Kesho jua likisimama kichwani namwita balozi, unakabidhi chumba. Au Nyenje atoke, au mtoke nyote wawili. Nimemaliza!"

Gudu, gudu, gudu, akaenda zake.

Nanyi mjue, katika nyumba zile mpangaji hahami kimyakimya kama mwizi. Ilikuwa lazima balozi wa mtaa aje, atazame kuta, majirani wasimame wakiona, ndipo kizuizi cha mlango kirudi mkononi mwa mwenye nyumba. Balozi wao alikuwa Bibi Tembo. Mwenye haki lakini mzito: hakupenda kukata jambo ambalo hajaliona kwa macho yake. Kifaru angemwambia woga si ugonjwa, naye angejikuna sikio, angesema tungoje Baraza likae. Na Baraza lilikuwa halikai mpaka masika yaishe. Bi Digidigi angengojea wapi? Nyumba nyingine zimejaa, mawingu yamekwisha kukaa juu ya kilima, na huko vichakani Chui hakuwa amehama.

Ngiri akaja mbio, mkia juu. "Shemeji, usilie. Mpe Nyenje kwangu nimfiche. Balozi akiondoka unamchukua."

"Nifichwe kwa nguruwe?" kibuyu kiliuliza.

"Mie nakusaidia unanitukana!"

"Hafichwi," alisema Bi Digidigi. "Nikimficha nimekubali kuwa ni kosa. Mimi sina kosa." Wala hakuwa analia. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake, miguu inatetemeka, lakini pua inacheza huku na huku. Pua ya Digidigi ikicheza hivyo, kichwani kuna kitu kinapikwa.

Alikuwa anamtazama Kifaru. Kifaru alikuwa amejilaza kivulini chini ya upenu, kama kawaida yake mchana. Khorrr, khorrr. Mgongoni ndege wanadonoadonoa. Mara ndege mume akasema, "Chrr?" Jicho la Kifaru likafunguka, pwa! Ndege akatulia, kumbe ni kenge tu anapita. Jicho likafumba. Khorrr. Baada ya kitambo tena, "Chrr?" Pwa! Kimya. Khorrr.

"Aaa," alisema Bi Digidigi polepole. "Kumbe ni mgonjwa mwenzangu."

Asubuhi yake Kifaru akatoka uani, akauliza maswali yake, akajibiwa. Alipogeuka kwenda kwenye uji, kasauti kakamsimamisha.

"Mzee, nina neno."

"Kama ni msamaha, sina."

"Siombi msamaha. Nataka kukusifu." Bi Digidigi alijipitisha katikati ya miguu ya wapangaji, akaja akasimama mbele kabisa. "Jana ulitoa amri nzuri, lakini uliitolea mlangoni kwangu, tukasikia wawili watatu. Leo mimi nahama. Kesho mwingine ataleta jongoo, aseme hakuambiwa. Amri kama ile haisemwi ukumbini, Mzee. Isemee hapa, kwa ile sauti yako."

Mwenye kiburi mpe sifa, anakupa hadi shingo. Kifaru akavuta pumzi, kifua kikajaa.

"Asiyelipa kodi halali katika nyumba hii!"

"Hee, imependeza! Ila, Mzee, ina mwanya. Atatokea mjanja aseme, mimi sikai chumbani, nakaa kibuyuni."

"Wala kibuyuni!"

"Mwingine ukutani."

"Wala ukutani! Wala darini!"

"Na wale wa kujibanza miilini mwa watu? Maana hao ndio wabaya, wanaingia wamebebwa."

"Wala miilini!" Sasa Kifaru alikuwa amepata moto, anaparura ardhi kwa mguu. "Wala kichwani! Wala shingoni! Wala mgongoni! Na amri hii ni ya kila aliye chini ya paa hili, mkubwa kwa mdogo!"

Ndege wawili wakatazamana.

Bi Digidigi akainua kichwa taratibu. "Samahani, Mzee. Na hao je? Nawaona mgongoni, na kodi sijasikia wakilipa. Au labda nao..." akapunguza sauti kwa adabu, lakini si mpaka wengine wasisikie, "...labda nao wanakutuliza moyo?"

Hapo, wajukuu zangu, Kifaru alikuwa bado ana mlango wa kutokea. Angesema "ndiyo," mambo yangeisha, wote wangekaa. Lakini kiburi kilikuwa kimemkaa kooni kama mfupa.

"Mimi? Kifaru mzima nitulizwe moyo na vindege?" Akacheka, hohoho, ndege wakarushwarushwa. "Hawa si kitu! Wanakula kupe wangu bure. Wakikaa, wakiondoka, mimi hata sitajua!"

Ndege mke akamgeukia mumewe. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Miaka yote hii!"

"Chukua mabawa yako, mama watoto, twende."

"Na kupe wako wenyewe wachungu!" ndege mke alimpigia kelele sikioni. Prrrr! Wakaruka, wakapita juu ya paa, wakaelekea kwa Nyati, ng'ambo ya bonde.

"Waende!" alisema Kifaru. Akaenda kunywa uji wake. Bi Digidigi akarudi chumbani, akaanza kufunga mkeka wake, polepole kabisa.

Jua likapanda. Kifaru akajitupa chini ya upenu alale kidogo kabla balozi hajafika. Akafumba jicho. Kwacha! Jani.

"Nani?" Kifaru alisimama wima.

Akalala tena. Mgongo ukawa mwepesi ajabu. Akageuka ubavu huu. Akageuka ule. Akasikiliza. Hakuna "chrr," hakuna kudonolewa, hakuna wa kumwambia kama kile kinachosogea pale ni kuku au ni adui. Kweupe kote, ukungu mtupu. Ngiri, chumbani kwake, akapiga chafya. "Chyaa!"

"Nimekuona!" Gudu-gudu-gudu-gudu, kraaa! Mlango wa Ngiri ukawa vipande.

"Mlango wangu, Mzee!"

"Kuna mtu alikuwa hapa!"

"Mimi ndiye nilikuwa hapa! Ni kwangu!"

Kifaru akarudi kivulini akihema. Sasa hakulala, alijilaza tu macho yakiwa wazi, masikio yanazunguka moja mbele moja nyuma. Ndipo Bi Digidigi akatoka kwa ncha za kwato, akasimama nyuma ya jiko, akajaza pua upepo, akatoa mlio wa hatari wa Digidigi. "Zik! Zik!"

Alilia mara hiyo moja tu. Zilizobaki Kifaru alijitafutia mwenyewe.

Gudu-gudu-gudu! Akapita katikati ya jiko, kwangara! chungu cha maharage, pwaa! mtungi wa maji, mafiga yakaruka huku na kule, akatokea upande wa pili na kapu shingoni. Kapu lilipomgusa sikio akadhani kashikwa. Akazunguka na kuzunguka akipigana na kapu. Wapangaji walikuwa wamepanda juu ya kila kinachopandika. Ngiri, ambaye hawezi kupanda, alikuwa ndani ya pipa.

Na hapo ndipo Bibi Tembo alipoingia. Mkubwa vile, lakini nyayo zake hazisikiki. Kifaru akaona kitu kikubwa kijivu kimesimama langoni ambapo awali hapakuwa na kitu.

"Hunipati!" Akainamisha pembe, akaja kama jiwe linaloporomoka.

Tembo hakusogea. Alinyoosha mkonga, akaidaka pembe, pap! akamsimamisha kama mtu anavyozuia ndama.

"Kifaru. Unaniua?"

"Nani wewe? Sema jina!"

"Balozi. Si umeniita mwenyewe?"

Kifaru akalegea. Ile miguu yake minne kama magogo ilikuwa inagongana, ta-ta-ta-ta-ta. Jasho lilimtiririka kama aliyetoka mtoni. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile.

"Una nini wewe?" Tembo aliuliza.

"Sijui, Bi Balozi! Moyo unakwenda mbio. Kila kitu kinanijia. Nikifumba macho nasikia nyayo, nikifumbua sioni kitu."

Bi Digidigi akajongea. "Pole, Mzee. Kidonda kiko wapi?"

"Sina kidonda!"

"Uvimbe?"

"Sina uvimbe!"

"Unakohoa? Unatapika?"

"Hapana! Hapana!"

"Basi si ugonjwa," alisema Bi Digidigi. Akamtazama Kifaru miguuni. "Ni upuuzi wa wenye miguu minene."

Ndani ya pipa Ngiri alicheka mpaka pipa likabingirika.

"Ni ugonjwa!" Kifaru alipiga kelele. "Nakufa nawaambia! Nirudishieni ndege wangu!"

"Wepi hao?" aliuliza Bi Digidigi. "Wale wasiolipa kodi?"

"Wale ndio macho yangu! Ndio usingizi wangu! Bila wao mimi naogo..." Akaziba mdomo. Lakini neno lilikwisha kutoka nusu, na nusu ilitosha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapompendea yule mwanamke, na mimi sisifu watu ovyo. Angeweza kucheza ngoma. Angeweza kumzunguka akiimba. Hakufanya hivyo. Alisimama na miguu yake inayotetemeka, mbele ya miguu mingine inayotetemeka, akasema, "Najua, Mzee. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Usiku unakuwa mbaya zaidi." Lakini pia hakumwachia. Akamgeukia balozi. "Bi Balozi, umejionea. Mwulize kama ni ugonjwa au si ugonjwa, nami nitafunga au nitafungua mkeka wangu kwa jibu lake."

Tembo akamtazama Kifaru. "Haya. Ni nini?"

"Ni ugonjwa," Kifaru aliiambia ardhi.

"Sikusikia."

"Ni ugonjwa!"

"Basi sheria ya Baraza inamhusu Bi Digidigi tangu mwanzo, nawe ulitaka kumtoa chumbani mgonjwa. Nyenje anakaa, na kodi haiongezeki. Bi Digidigi ataendelea kumfagilia uchafu wake, na Nyenje akitoboa ukuta utazibwa na bibi mwenyewe."

"Mie siku nikianza kula kuta," kibuyu kilisema, "kwanza nitakuwa nimemaliza kitanda."

"Nyamaza wewe," walisema wote.

"Na mimi?" aliuliza Kifaru kwa sauti ndogo. "Ndege wangu?"

"Nawe una haki hiyo hiyo, kwa sheria hiyo hiyo. Kobe yuko kule, nenda ukapange foleni nyuma ya wenye mafua, akutazame ulimi kama wengine." Tembo akageuka kwenda, akasimama. "Jambo moja tu. Nani aliyelia zik-zik?"

Wapangaji wakatazama angani.

"Mimi, Bi Balozi," alisema Bi Digidigi. "Pua ilikuwa inaniwasha."

Tembo akamtazama, sikio likipepea. "Pua njema," akasema. "Itunze."

Bi Digidigi akaingia chumbani, akafungua mkeka wake, akautandika palepale. Kri-kri, kri-kri. Akalala mchana ule ule, mlango wazi, kila mtu akimwona.

Funzo ni hili, na sirudii: usiseme ugonjwa wa mwenzako si ugonjwa kwa sababu tu huoni unapovuja.

Kuhusu Kifaru, mlango wa Ngiri aliutengeneza na jiko alilijenga upya, hayo ni ya kawaida. Malipo yenyewe aliyapanga balozi. Alimtuma kwa kila mwenye nyumba mbugani, mlango kwa mlango, akatangaze sheria: mwenye moyo mgonjwa asifukuzwe, yeye wala mtuliza moyo wake. Na kila alipoulizwa, "Kwani wewe imekupataje?" ilimpasa ajibu, kwa mdomo wake na kwa jina lake, "Mimi Kifaru naogopa." Alikwenda bila ndege, akijikwaa kwenye visiki, akiomba radhi kwa vichuguu akidhani ni wenyeji. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nyati. Alisema maneno yake yote, akamaliza. Ndege mke, juu ya mgongo wa Nyati, akamwambia hakusikia vizuri, arudie, na safari hii aanze na shikamoo. Akarudia.